Harufu ya Kuungua Ndani ya Gari

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba safari hii tungezungumza juu ya minyoo ya watoto. Tunaomba radhi, minyoo itangoja. Yametupata nyumbani kwetu mambo ambayo tumeona si vema kuyaficha. Kila Jumapili tukisimama nje ya kanisa na kuyatazama magari yaliyoegeshwa pale, tunaona mengi yana kitu kilekile kilichotaka kutuletea msiba, yaani lile sanduku la spika kubwa kwenye buti ambalo vijana wetu huliita sabufa.

Huenda unasema haya ni mambo ya wanaume na mafundi, muuguzi ana kazi gani na spika za gari? Hata sisi tulisema hivyo. Tulisema hivyo kwa muda wa wiki mbili nzima, na katika wiki hizo mbili pua yetu ilikuwa ikituambia neno, nasi tukakataa kuisikiliza.

Mambo yalianza hivi. Kijana wetu wa pili alipata kazi. Mshahara wa kwanza alitoa malimbuko kanisani kama alivyofundishwa, na mshahara wa pili akanunua muziki wa gari. Gari lenyewe ni la baba yake, yeye huliazima Jumamosi tu. Redio ilikuwamo tangu zamani. Yeye akaongeza sabufa pamoja na mashine ya kuikuzia nguvu, yaani amplifaya. Rafiki yake anayejifunza umeme akamfungia vyote kwa mchana mmoja. Baba watoto hakuipenda tangu siku ile. Alisema gari la mtu mzima haliji kanisani likitetemesha vioo kama disko. Kijana akajibu kwamba hata mapambio hupendeza zaidi yakiwa na besi. Sisi tulikuwa katikati, mahali ambapo mama huwa siku zote, tukasema basi apunguze sauti akifika getini.

Jumapili moja, wakati wa kurudi nyumbani, tulisikia harufu. Ilikuwa kali, ya kuwasha pua, kama feni iliyoungua mota. Ilikuja wimbo ulipokolea, kisha ikatoweka. Tulikuwa tumetoka kupanda kilima, tukadhani ni klachi. Jumapili iliyofuata ikaja tena, na safari hii hatukupanda kilima chochote. Tulijua kabisa si klachi. Lakini tulinyamaza. Tuseme kweli mbele zenu: tulinyamaza kwa sababu tulijua tukimwambia baba watoto, sabufa itatupwa nje siku hiyohiyo, na kijana ataondoka nyumbani na hasira. Nyumba ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Tukaona afadhali harufu kuliko ugomvi.

Alhamisi ya wiki ile tulitoka mazoezi ya kwaya jioni, hapa Morogoro. Nyuma tulikuwa tumewapakia watoto wanne wa shule ya Jumapili, na kiti cha mbele alikaa dada mmoja mwenye mimba ya miezi saba. Kwenye buti tulikuwa tumelaza majoho ya kwaya juu ya amplifaya ili yasikunjamane. Redio ilikuwa chini kabisa, tena yalikuwa mahubiri. Tulipokaribia Msamvu, mtoto mmoja wa miaka sita akasema, "Mama, hapa chini pananuka pasi." Mwenzake akasema miguu yake inaona joto.

Tulisimamisha gari pembeni. Tukazima redio, tukazima injini, tukachomoa ufunguo, tukawatoa watoto kwa mlango ulio mbali na barabara, kisha dada yetu. Tukadhani yamekwisha. Lakini harufu haikukoma, bali ilizidi. Tulipochungulia tukaona moshi mwembamba ukitoka chini ya zulia, palepale miguu ya yule mtoto ilipokuwa.

Akina mama, hili tunataka mlishike kuliko mengine yote ya ukurasa huu. Gari limezimwa, ufunguo uko mkononi, na waya unaendelea kuungua. Sababu yake ni kwamba waya mkubwa unaolisha amplifaya haupiti kwenye swichi ya gari. Unatoka moja kwa moja kwenye betri, unapenya ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva, unapita chini ya zulia mpaka buti. Ufunguo au redio huiambia amplifaya iamke au ilale tu, kwa waya mwingine mwembamba. Umeme wa betri unakaa ndani ya ule waya mkubwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa chini ya dirisha la chumba cha watoto.

Dereva mmoja wa daladala aliona tunahangaika, akaja na spana namba 10. Hakuuliza maswali. Alifungua boneti, akalegeza kichwa cha betri upande wa hasi, ule wenye alama ya kutoa, akakivuta pembeni kisiguse. Baada ya dakika kama mbili moshi ukakatika. Akatazama ndani ya buti, akasema, "Mama, mshukuru Mungu hamkubeba mtungi wa gesi humu." Hatukumjibu. Jumanne ya wiki ile tulikuwa tumebeba mtungi wa gesi humohumo, ukiwa umeegemea sanduku la sabufa.

Kwa fundi

Kesho yake gari lilivutwa mpaka kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, mzee mtulivu. Tulikwenda watatu, sisi, baba watoto na kijana. Baba watoto hakusema neno njia nzima, na walioolewa wanajua kwamba hilo ni zito kuliko maneno.

Mzee yule hakushika spana. Alifungua milango yote, akaingiza kichwa, akaanza kunusa, mbele, chini ya viti, kwenye buti, kwenye tundu la sanduku la spika. Jambo hilo lilitufurahisha, maana hata sisi wodini tunanusa. Mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa hutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, na kidonda kilichoharibika muuguzi mzoefu hukijua kabla ya kufungua bandeji.

Alituambia kwamba harufu za gari hazifanani, na mama anayeendesha anaweza kuzijua kama anavyojua maharage yaliyoshika chini na maziwa yaliyofurika jikoni. Koili ya spika ikiungua hutoa harufu kali ya vanishi na gundi, na hutokea buti wakati muziki umepanda. Waya ukiungua ni harufu ya plastiki, inayochoma koo, nayo huja hata kama muziki ni mdogo au umezimwa. Mayai yaliyooza ni betri inayochajiwa kupita kiasi. Hewa ile ni sumu, na hewa nyingine inayotoka pamoja nayo hulipuka, kwa hiyo zima gari, fungua milango, na asiwashe mtu kiberiti. Harufu tamutamu ni maji ya rejeta yenye dawa yanavuja. Klachi nayo hunuka baada ya mlima au kwenye foleni, si wakati wa kiitikio.

Kisha akauliza, "Haya, nyinyi mlisikia ipi?"

Tukasema ni ileile ya Jumapili mbili zilizopita. Kijana akasema, hapana mama, ile ya Jumapili ilitoka buti na ilikuwa ya vanishi, ya jana ni plastiki. Tukamgeukia. Kumbe naye aliisikia! Akainamisha kichwa, akasema alinyamaza kwa kuogopa baba atasema si nilikwambia. Hapo ndipo baba watoto aliponena kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alisema, "Hata mimi niliisikia, tangu ile Jumapili ya kwanza. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme."

Watu wazima watatu katika gari moja, na harufu moja, na watoto wa watu nyuma. Fundi alicheka. Sisi hatukucheka.

Kumbe palikuwa na hitilafu mbili, na kama tungetengeneza moja tu tungerudi barabarani tukidhani tumepona.

Ya kwanza ilikuwa ya spika yenyewe. Ndani ya spika, nyuma ya lile karatasi gumu la mbele, kuna koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa mara nyingi kuzunguka mrija mdogo, ukapakwa vanishi ili mzunguko mmoja usiguse mwingine. Koili hiyo inaning'inia katikati ya sumaku, ikipanda na kushuka. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba katika umeme wote unaoingia kwenye spika, asilimia chache tu ndizo zinazogeuka kuwa sauti. Zilizobaki zinakuwa joto, ndani ya koili hiyohiyo isiyozidi kipande cha kandambili. Spika hujipoza kwa kucheza kwake, inapovuta na kusukuma hewa. Ukiilisha kuliko inavyoweza kujipoza, vanishi na gundi huanza kuungua, na hiyo ndiyo harufu.

Na nani aliilisha hivyo? Kwenye amplifaya kuna kitufe ambacho vijana wengi hudhani ni cha kuongeza sauti. Sicho. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya redio na nguvu ya amplifaya, na kikishawekwa na fundi hakiguswi tena. Kijana wetu alikuwa amekizungusha mpaka mwisho, na pembeni yake akazungusha kile cha kuongeza besi mpaka mwisho pia. Amplifaya ikitakiwa kutoa nguvu isiyokuwa nayo, sauti hukatwa vichwa. Mawimbi ya umeme badala ya kupanda na kushuka kwa duara yanakuwa bapa juu na chini, koili inapata umeme mwingi mfululizo, inachemka. Sikio hulijua jambo hili. Besi inakuwa ya kukwaruza, kama mtu anayepiga debe lenye mchanga. Kijana alisema aliisikia ile sauti, akadhani spika haijazoea, na rafiki yake akamwambia aongeze kidogo ifunguke. Ni kweli kwamba spika mpya inaweza kutoa harufu hafifu ya gundi siku za mwanzo, lakini harufu hafifu ya siku za mwanzo si kitu kimoja na harufu ya kuwasha pua ya wiki ya tano.

Mzee alichomoa nyaya mbili za spika kutoka kwenye amplifaya kwanza, maana kipimo hakisemi kweli zikiwa zimefungwa. Akaweka vidole vya mikono miwili kwenye karatasi la spika, akalisukuma ndani polepole bila kuliinamisha. Spika nzima huingia na kutoka kimya. Yetu ilikwaruza kama msasa. Kisha akachukua multimita. Spika iliyoandikwa omu 4 hupimika omu 3 na kitu, si 4 kamili, na hilo si kosa. Yetu ilisoma chini ya 2, maana yake vanishi ilikwisha na mizunguko ya koili inagusana. Kama ingekuwa haisomi chochote, koili ingekuwa imekatika kabisa. Na spika ya namna hii ukiendelea kuipiga inaweza kuiua amplifaya, kwa sababu omu zikishuka amplifaya inasukuma umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana pia si vema kuongeza sabufa ya pili bila kumwuliza fundi. Mbili za omu 4 zikifungwa sambamba amplifaya huona omu 2 tu, na si kila amplifaya iliyoumbwa kuvumilia hilo.

Halafu akaonyesha majoho. Amplifaya ina mapezi ya bati juu yake ili joto litoke. Sisi tulikuwa tumeifunika kwa majoho kumi na mawili, kama mtoto mwenye homa anayefunikwa blanketi, kosa ambalo tunawakemea akina mama kila siku kliniki.

Waya chini ya zulia

Hitilafu ya pili ndiyo iliyotukosesha usingizi. Mzee alikunja zulia. Waya uliotoka kwenye betri ulikuwa waya wa kawaida wa taa za nyumba, wa milimita 1.5 za mraba. Rafiki wa kijana aliununua kwa sababu ni rahisi na ni mwekundu.

Hebu tupige hesabu kidogo, si ngumu kuliko ya vikoba. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli kwenye spika inahitaji kama wati 625 kutoka kwenye betri, kwa sababu nyingine hupotea njiani kama joto. Gari linapotembea lina volti 14 hivi. Gawanya, utapata ampea kama 45. Waya wa taa za nyumba haukutengenezwa kubeba hata nusu ya huo. Kila muziki ulipopanda waya ulipata moto, plastiki yake ikalainika. Na kwa kuwa ulipitishwa chini ya reli ya kiti, kila aliposogeza mtu kiti, reli iliitafuna ile plastiki laini. Alhamisi ile shaba ikagusa chuma cha sakafu.

Mzee alisema ulikuwa ukigusa kwa shida, kupitia rangi na kutu. Ungegusa sawasawa, zulia lingewaka moto kabla hatujapata mahali pa kusimama.

Tukauliza, na fyuzi je? Amplifaya ilikuwa na fyuzi yake, tena nzima. Lakini fyuzi hiyo iko buti, mwisho wa waya, na shoti ilitokea katikati; umeme haukufika kwenye fyuzi hata kidogo. Inatakiwa fyuzi nyingine karibu na betri, kiasi cha sentimita 45. Sisi wasomaji wa Biblia tuna kipimo chetu, ni dhiraa moja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Fyuzi ile ya mbele hailindi amplifaya wala spika. Inalinda waya, ili ukiguswa na chuma popote ikatike yenyewe. Ikikatika hairudishwi kubwa zaidi, wala haifungwi karatasi ya sigara au kipande cha waya "mpaka tufike." Fyuzi iliyokatika imekuambia kuna tatizo, itafutwe sababu.

Kwa hiyo kazi unayoweza kuifanya leo, mama, bila kushika spana, ni hii. Mwambie mzee wako au kijana akufungulie boneti, injini imezimwa na imepoa. Tazama betri. Kama kuna waya wa ziada unaotoka upande wa chanya kuelekea ndani ya gari, ufuate kwa macho. Kama hukuona kasha la fyuzi kabla ya dhiraa moja kwisha, gari hilo lisilale karibu na nyumba mpaka fundi auondoe waya ule kwenye betri. Tazama pia panapopenya ukuta wa chuma. Pawe na raba imara, maana ukingo wa bati ni kisu. Na baada ya safari ya nusu saa muziki ukilia, simama, weka kiganja juu ya amplifaya. Vuguvugu si kitu. Ukishindwa kukiacha kiganja hapo, imezidiwa. Waya wenyewe ukiwa wa moto, ni mwembamba mno au umelegea mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni pale waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi juu ya rangi bila kukwangua.

Ikitokea njiani kama ilivyotutokea sisi, watu kwanza, vyombo baadaye. Simama, zima, toeni watoto, waende mbali na gari na mbali na barabara, mmoja mkubwa awashike mikono. Kama hakuna miali ya moto na unaweza, ondoa kichwa cha hasi cha betri. Kama moshi unatoka chini ya boneti, usiifungue wazi, maana hewa ikiingia ghafla moto hupata nguvu. Kizimamoto cha unga kiwe karibu na dereva, si chini ya mizigo ya buti. Cha kwetu kilikuwa chini ya majoho. Na hakuna kurudi kuchukua mkoba.

Sasa turudi kwenye kazi yetu wenyewe. Moshi wa plastiki ya nyaya una hewa chachu inayochoma macho na mapafu. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa hata kama alivuta kidogo. Mmoja wa wale wanne alikohoa usiku ule, mama yake akampa dawa yake ya kuvuta akapata nafuu. Ukiona mtu amekwaruzwa sauti, ana masizi puani, anapumua kwa haraka, anaumwa kichwa au amechanganyikiwa, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali, maana njia ya hewa huvimba polepole. Mama mjamzito aende hata kama anajisikia mzima, kwa sababu hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye kitu kinachoungua haina harufu, na mtoto tumboni huumia kuliko mama. Dada yetu tulimpeleka jioni ileile. Walimsikiliza mtoto, mapigo yako sawa, anacheza.

Sisi wenyewe tuliungua vidole viwili kwa kuvuta lile zulia, ujinga ambao tungemgombeza mgonjwa. Mtu mmoja mwema akakimbia dukani kuleta dawa ya meno. Tulimshukuru lakini hatukuipaka. Jeraha la moto linataka maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si ute wa yai, si mafuta ya kupikia. Vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba. Malengelenge yaachwe yalivyo, yafunikwe kwa kitambaa safi. Jeraha likizidi kiganja cha huyo aliyeungua, au likiwa usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, ni la hospitali, na kwa mtoto mdogo hata dogo lionwe. Tulimwagia maji ya kunywa ya kwaya, dumu zima, na wanakwaya bado wanatukumbusha.

Wengine mtauliza juu ya masikio. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo unakatwa nusu. Somo hilo lina ukurasa wake.

Nyumbani tulikaa usiku ule mezani baada ya sala, tukaongea yale ambayo yangepaswa kuongewa wiki mbili nyuma. Hatutaandika yote. Baba watoto hakusema nilikwambia. Alimwuliza kijana kama rafiki yake amefungia magari mengine ya watu kwa waya uleule. Kijana akataja matatu. Wakavaa viatu wote wawili saa tatu za usiku wakaenda kugonga milango. Katika magari yale mawili hayakuwa na fyuzi mbele. Yule rafiki hakufukuzwa. Yuko kwa mzee fundi sasa, kila Jumamosi, akishika tochi na kujifunza.

Jumamosi iliyofuata baba watoto mwenyewe alikwenda dukani na mzee, wakachagua waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, fyuzi ya ampea 60 na kasha lake, na raba ya kupenyezea. Waya sasa unapita pembeni chini ya kizingiti cha mlango, mbali na reli za viti, ndani ya mrija wa plastiki. Amplifaya imefungwa wima nyuma ya kiti ili asiweze mtu kuilaza kitu juu yake. Kile kitufe mzee alikirekebisha, akakipaka rangi ya kucha aliyotuomba sisi, ili kikiguswa ijulikane.

Spika mpya bado haijanunuliwa. Kijana anangoja mwisho wa mwezi. Sanduku la zamani tulilitoa barazani lipigwe na upepo, kwa sababu harufu ya koili iliyoungua hukaa ndani ya mbao siku nyingi, na mzee alituonya kwamba tungeisikia tukadhani hitilafu imerudi. Kuku mmoja ameingia kwa lile tundu la mbele akataga humo. Baba watoto ameuliza mara mbili spika itafika lini.

Minyoo, mwezi ujao.